Mgonjwa Anayewatuliza Wageni

Watanzania wenzangu hapa Minnesota hushangaa: inakuwaje mgonjwa wa saratani atafutiwe mtu baki wa kuongea naye, wakati ana watoto na ndugu? Wanaona ni upweke wa Kizungu huo. Zamani nilikuwa upande wao.

Chama cha Saratani cha Marekani kina mpango uitwao Reach to Recovery, na sharti lake kubwa ni kwamba anayejitolea awe mwenyewe amepitia saratani ya matiti. Aliyeuanzisha, Terese Lasser wa New York, aliondolewa titi, kisha mwaka 1952 akaanza kuwafuata wanawake wodini kuwaonyesha mazoezi ya mkono na kuwaambia yale ambayo daktari hayasemi. Baadhi ya madaktari hawakumpenda hata kidogo. Chama kiliuchukua mpango huo mwaka 1969. Siku hizi maongezi mengi ni ya simu au mtandaoni, kwa miadi. Baridi? Ndiyo. Saa kumi na moja alfajiri, kichefuchefu kikipanda, huyo mtu hayupo.

Kwetu Ngarenaro, Arusha, yupo. Mama yangu mdogo alipokuwa akienda Moshi kuwekewa dripu za saratani pale hospitali ya KCMC (kituo chao cha saratani kilifunguliwa mwishoni mwa 2016; mionzi kwa miaka mingi ilimaanisha hospitali ya Ocean Road, Dar, zaidi ya kilomita 600 kutoka Arusha), hakulala siku hata moja bila mtu. Kina mama wa jumuiya walileta mtori kwenye hotpoti. Jirani Mwislamu aliwapeleka watoto shule. Mtu wa kumsindikiza stendi hakukosekana. Hakuna ofisi ya Marekani inayoweza kupanga hayo.

Ila kila mgeni alikuja na dawa yake. Huyu majani ya mstafeli, yule mizizi kutoka Monduli, na wapo waliokumbushia kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo kule Samunge mwaka 2011, kana kwamba foleni zile hatukuona zilivyoishia. Akitokwa machozi, anaambiwa, "Usilie, Mungu yupo." Basi anafuta uso, anaagiza chai ya wageni. Aliniambia kwenye simu: "Wanakuja kunipa pole, mwisho mimi ndiye ninayewatuliza."

Si kwamba Arusha hatujui kazi hii ya kumsikiliza mgonjwa. Hospitali ya Selian, Ngaramtoni, ilianza tiba shufaa ya nyumbani mwaka 1999, ikiwatumia watu wa kujitolea kutoka sharikani: jirani aliyefundishwa kukaa, kusikiliza, na kumwita muuguzi maumivu yakizidi. Kwangu mimi huo ni utaratibu bora kuliko miadi ya simu. Kinachopungua ni yule aliyepita njia hiyo akapona, kwa sababu kwetu aliyepona hunyamaza. Ataonekana ana mkosi, au binti zake hawataolewa.

Kupitia kwa muuguzi, mama mdogo alimpata wa kwake: mwanamke aliyepona, anayeishi mitaa miwili tu kutoka kwake, na wamekuwa wakipishana sokoni Kilombero miaka yote. Walifunga mlango wakaongea mpaka magharibi: nywele zinaota lini, ndani ya sidiria unaweka nini, mume anasemaje. Siku hizi yule mama ameshakubali kuitwa kwa wagonjwa wengine. Sharti lake ni moja: asitangazwe kanisani.