Kutoka Kabianga Kwenda Arafa: Siku za Mwisho za Maandalizi

Tunaandika haya mvua ikipiga bati, na sanduku la safari liko wazi sebuleni tangu juzi. Kazi ya ualimu ndiyo iliyotuleta huku Kabianga, mbali na upepo wa bahari, na tumezoea kuamka penye ukungu uliolala juu ya chai hata saa tatu za asubuhi. Hatukudhani kwamba njia hizi za majani chai ndizo zitakazotufunza kwenda kwa miguu mpaka Arafa.

Tulianza mazoezi mara baada ya Ramadhani. Mama (ambaye ni mavyaa kwa mmoja wetu) aliletwa kutoka Mombasa kwa ajili hiyo, maana mjini, asemavyo mwenyewe, hutembei bali huzuiliwa mlangoni kwa maamkizi. Watu wengi hudhani Hija ni kupanda basi na kushuka. Mabasi yapo, lakini hukwama katika msongamano, na wengi huishia kushuka na kwenda kwa miguu. Kutoka Mina hadi Arafa ni kiasi cha kilomita 14, na kutoka Arafa kurudi Muzdalifa baada ya jua kuchwa ni kiasi cha 9. Sai peke yake, mara saba baina ya Safa na Marwa, hupita kilomita 3. Tukapima njia ya kutoka langoni petu hadi njia panda, tukawa tunakwenda na kurudi kila baada ya alfajiri.

Jirani yetu mchuma chai alituona siku ya kwanza, akauliza tunakimbia nini. Tulipomweleza, aliweka kapu lake mgongoni akafuatana nasi hadi shambani kwao, na toka siku hiyo hakukosa. Humwita mama "Kogo", yaani bibi kwa Kikipsigis, na mama humjibu "Chamgei" kwa lafudhi ya Mji wa Kale iliyowachekesha wachumaji wote.

Tumejifunza mengi juu ya viatu. Baba watoto alianza na makubazi yake mazuri ya ngozi. Wiki moja tu, kamba zikamkata vidole. Mwanamume aliye katika ihramu havai soksi wala kiatu kinachofunika vifundo, basi ni lazima ngozi yenyewe izoee. Akanunua ndara zenye soli nene na mikanda mipana, akazivaa wiki sita mfululizo, hata darasani. Vilevile alizunguka nyumba akiwa na shuka zake mbili na mshipi, watoto wakimcheka, mpaka akajua jinsi ya kupanda ngazi bila kuzikanyaga. Mapaja hupakwa mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kabla ngozi haijachubuka.

Kwa mama jambo lilikuwa zito zaidi. Ana sukari. Asubuhi moja ya mwezi uliopita alitembea mwendo wote akizungumza na kucheka, na jioni tulipomvua soksi tukaikuta moja imelowa damu. Lengelenge lilikuwa limepasuka kisiginoni naye hakuhisi kitu. Hatukulala vizuri usiku ule. Kidonda kilipona baada ya siku kumi na sita, na daktari akatuambia mambo mawili: nyayo zake zikaguliwe kila jioni kwa macho na kwa mkono, na asikanyage peku kwenye sakafu iliyopigwa na jua. Kuhusu kiti cha magurudumu, tulibishana naye siku tatu. Alisema hakuweka akiba miaka yote ile ili asukumwe kama kapu la samaki. Siku ya nne alikubali kiti kwa tawafu na sai, mahali palipobaki tutazame hali yake.

Baridi ya huku nayo ilitudanganya. Mapafu na miguu vimepata nguvu kwa vilima, lakini joto hatukulizoea hata kidogo. Katika Hija ya mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50, na zaidi ya mahujaji 1,300 walifariki, wengi wao wasio na vibali, waliotembea mwendo mrefu juani bila kivuli. Kwa hiyo wasafiri watateremka Mombasa wiki mbili kabla ya ndege, watembee huko alasiri, mwili upate kujua kutoka jasho tena.

Tumesema wasafiri. Akiba ilikuwa ya watu watatu. Shilingi ilipoanguka hadi kukaribia 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, sehemu kubwa ya mpango wetu iliondoka nayo, na haikurudi pale tulipokuwa. Zikabaki za wawili. Mama hangeweza kwenda peke yake, basi mmoja wetu atabaki na watoto. Tumelizungumza jambo hili mara nyingi, mara nyingine kwa machozi, na hatutalizungumza tena kabla ya safari.

Anayebaki ndiye anayefunga sanduku. Chanjo za uti wa mgongo na homa ya manjano zimekwisha, kadi zimo ndani ya pasipoti. Zimo pakiti za chumvi za kuchanganya na maji, sabuni isiyo na harufu, dawa za mama mara mbili ya siku za safari, nusu katika mkoba wa mkononi. Kimo kifuko cha leso kuukuu kilichoshonwa kwa vijiwe vya Muzdalifa, 49 au 70 kwa atakayekaa hadi siku ya mwisho, kila kimoja ukubwa wa dengu. Wasia umeandikwa ukurasa mmoja, pamoja na deni la Sh 4,300 dukani, ambalo tulilipa jana na kulikata kwa kalamu.

Jioni jirani alikuja kuagana. Mama alimtaka radhi kwa lolote lililopita baina yao, na yule mama akashangaa, akauliza wamekosana lini. Alileta mwavuli mkubwa mweusi, wa wachumaji, akasema Kogo aende nao kwenye jua. Haujatiwa sandukuni bado, kwa kuwa kesho alfajiri tutauhitaji kufikia kituo cha matatu.