Kuhesabu Ndege Ndani ya Mita Sitini

Mwishoni mwa kiangazi, kati ya wiki za mwisho za Agosti na mvua za kwanza za Oktoba, Ziwa Viktoria upande wa Mwanza hupokea wageni ambao hawaandikwi katika daftari lolote la uhamiaji. Nimekuwa nikiwasubiri kwa miaka kumi na mmoja sasa, asubuhi za Jumamosi, nikiwa na darubini iliyochubuka na daftari la shule, kwenye kipande cha mafunjo na matete kilichoko kusini mwa jiji, upande wa Luchelele. Wenzangu kazini huliona jambo hili kuwa ni la Wazungu wastaafu. Mimi hufundisha utawala wa umma, na kwa muda mrefu niliamini kwamba saa hizo mbili za Jumamosi hazina uhusiano wowote na mihadhara yangu. Septemba iliyopita niligundua kuwa nilikosea, na habari yenyewe si ya kujisifia.

Niwaeleze kwanza hao wageni. Buabua wa mabawa meupe ni ndege mdogo, mwepesi kama karatasi, anayezaliana katika mabwawa ya Ulaya Mashariki na Asia, kuanzia Poland, Belarus na Ukraine hadi Siberia. Huko mwili wake huwa mweusi tii. Akifika kwetu amekwisha kulivua vazi lile, amebaki wa kijivu na mweupe, mwenye doa jeusi nyuma ya jicho. Huruka chini chini juu ya maji, akidonoa wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi, na vidagaa vilivyo karibu na uso wa maji. Pamoja naye huja mbayuwayu, na vitwitwi wanaotembea matopeni huku wakitikisa mikia, wakiinama na kuinuka kama makarani wanaokagua hesabu.

Wenyeji hawaondoki: yangeyange, mnandi, kwarara, furukombe juu ya mti wake, na korongo mfukoshingo ambaye amekwisha kuhamia mjini, akisubiri utumbo wa samaki kwenye soko la Mwaloni. Lakini katika wote hao, ndege aliyenifundisha zaidi ni mdiria yule mweupe kwa mweusi, anayesimama angani mahali pamoja akipiga mabawa kabla ya kujitupa majini.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza furu katika Ghuba ya Mwanza. Furu walikuwa mamia ya spishi, na walikuwa ndicho chakula cha mdiria. Kisha sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akafurika katika ghuba yetu miongo miwili baadaye, na furu wakatoweka watafiti wakiwa wanatazama. Mdiria akabaki na dagaa. Dagaa ni mdogo kuliko furu. Kwa hiyo ndege yule yule, mwenye tumbo lile lile, alilazimika kukamata samaki wengi zaidi ili ashibe. Wakati huo huo minofu ya sangara ilikuwa ikisafirishwa kwenda Ulaya, na mama ntilie wa Mwanza akijifunza kupika mapanki. Mdiria na mama ntilie walibadilishiwa mlo na uamuzi uliofanywa mbali nao, na sikumbuki kusoma popote kwamba mmoja wao aliulizwa.

Sasa nirudi Luchelele. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu mwaka 2000, na ina maeneo manne katika orodha yake: Malagarasi–Moyowosi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji–Mafia–Kilwa. Hakuna hata moja lililo kwenye Ziwa Viktoria. Waganda, wanaokunywa maji ya ziwa hili hili, wameandikisha Lutembe, Mabamba na Ghuba ya Sango. Sisi kwenye ghuba hii tuna Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, iliyotangazwa mwaka 2013; kisiwa chenye miamba na pimbi, kilichobeba jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa mwenyeji wake kabla hakijafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964. (Kila nilipapo kiingilio humkumbuka mzee huyo. Jina limebaki, mwenyewe alihamishwa.) Kwingineko, kinga ya mafunjo ni kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, yaani zile mita sitini.

Mwezi Julai malori yalianza kumwaga kifusi kwenye mafunjo yangu. Nasema yangu, na kosa langu lilianzia hapo. Wiki mbili baadaye ukasimama ukuta. Niliandika barua kwa ofisi moja inayohusika, barua nzuri, yenye vifungu vya sheria na jedwali la hesabu zangu za miaka kumi na mmoja. Nilieleza kwamba ukingo ule unaharibiwa na shughuli za kibinadamu ndani ya mita sitini. Sikutaja ukuta kwa jina, kwa kuwa niliona kuutaja kungekuwa kumchongea mtu. Niliandika kama wanazuoni tuandikavyo, kwa jumla.

Ofisi ilitenda haraka kuliko nilivyotarajia. Jumamosi ya pili ya Septemba nilifika nikakuta bustani za mchicha na matembele zilizokuwa upande wa pili wa mkondo zimefyekwa, na ndoo za kumwagilia zimepasuliwa. Ukuta ulikuwa umeongezwa safu tatu za matofali.

Mama mmoja, ambaye kwa miaka yote hiyo tulikuwa tukisalimiana tu, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mwangaluka, mama," nilisema.

"Mwangaluka, mwalimu. Leo umewaona wangapi?"

Nilimwambia sijaanza kuhesabu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Walikuja na karatasi. Wakasema tunafukuza ndege. Nikawauliza, ndege gani, hawa wanaokula viwavi kwenye mchicha wangu? Wakasema kuna msomi amewahesabu."

Sikumjibu. Ningependa kuandika kwamba nilikiri pale pale, lakini nilikiri Jumamosi iliyofuata, baada ya siku saba za kutafuta maneno. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema alikwisha kujua, kwa sababu ni nani mwingine anayekaa pale na darubini?

Katikati ya wiki ile nilikwenda kwenye ofisi ile. Kijana aliyenipokea nilimfundisha mwenyewe. Alipata alama nzuri katika somo la uwajibikaji.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ukuta je?"

Alifunga mlango kwanza. "Mwalimu, ukuta una kibali. Bustani hazina kibali. Mimi naletewa jalada, sipelekwi ziwani."

Niliwaza kumkemea, nikaacha. Barua yangu ndiyo iliyokuwa ndani ya jalada hilo, na ilimpa kila alichohitaji ili atende bila kumgusa mkubwa yeyote. Hata hivyo tulikifungua kifungu pamoja, tukakisoma polepole. Kinakataza shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya ukingo. Mchicha huvunwa kwa wiki chache ukaisha. Zege halivunwi. Na mwaka 2020, ziwa lilipopanda likavuka hata kile kimo cha mwaka 1964 kinachosimuliwa na wazee, maji yalifika pale ulipo msingi wa ukuta. Nilisimama hapo hapo nikiwa na viatu mkononi. Kijana alikiandika kifungu kwenye kipande cha karatasi, akakitia mfukoni mwa shati. Hakukitia ndani ya jalada. Namwelewa, ana watoto wawili na mkataba wa mwaka mmoja.

Nimeandika barua ya pili. Safari hii nimetaja ukuta. Nilitaka kuambatanisha majina ya kina mama wa bustani, wakakataa, na yule mama akanieleza sababu: mara ya kwanza niliwaandika bila kuwauliza, mara ya pili wangependa nijiandike mwenyewe. Nakala iko kwenye meza tatu tofauti. Majibu bado.

Buabua walifika kwa wingi tarehe za mwisho za Septemba. Niliwahesabu mara tatu, kama kawaida, nikaandika wastani. Mama alikuwa amekwisha kuotesha mche mpya kwenye magunia, ili ukifyekwa aweze kuubeba. Aliniuliza idadi, nikamtajia.

"Na ule umeuhesabu?" akauliza, akiuelekeza kidevu ukuta.

Nilikuwa sijauhesabu. Nikaiweka darubini chini, tukatembea pamoja, yeye akihesabu kwa Kisukuma na mimi kwa Kiswahili, tukakubaliana: urefu wake hatua themanini na nne, na kutoka kona ya mwisho hadi majini, hatua kumi na tisa. Nimeziandika kwenye ukurasa wa Jumamosi ile, chini ya vitwitwi.