Samaki wa Nakuru Aleaye Wanawe Kinywani

Ukishuka matatu mjini Nakuru na kumwambia mwenyeji kwamba umekuja kutalii, atakutajia mambo matatu: shimo la Menengai, vifaru wa mbugani na flamingo wa ziwani. Samaki hatakutajia. Mimi mwenyewe nimelizunguka ziwa hilo mara nyingi, nimeandika juu ya ndege wake hadi kalamu ikachoka, na sikuwahi kumfikiria samaki hata siku moja. Aliyenifungua macho ni mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja, tena kwa kilio.

Kijana huyu hufuga samaki katika sanduku la kioo sebuleni kwa mama yake, mtaa wa Section 58. Samaki wenyewe ni wale wadogo wenye mapezi marefu kama shela ya bibi harusi, waitwao samaki wapiganaji kwa kuwa madume wawili hawawezi kukaa chombo kimoja bila kuraruana. Asili yao ni Thailand, katika vidimbwi na mashamba ya mpunga yenye maji ya uvuguvugu. Namna yao ya kuzaana ni ya ajabu. Dume hupuliza mapovu juu ya maji yakashikamana kama povu la sabuni, na hicho ndicho kitanda cha watoto. Jike akitaga, mayai huzama polepole, naye dume huyaokota kwa kinywa na kuyapachika katika mapovu. Baada ya hapo humfukuza mkewe, na mfugaji asipomwondoa jike huyo haraka, huenda akauawa. Mayai huanguliwa kwa siku moja na nusu au mbili. Kifaranga akidondoka, baba humrudisha juu kwa kinywa chake. Kazi hiyo huifanya mchana na usiku bila kula.

Basi Julai mwaka jana mpwa wangu alifuata hatua zote hizo. Mayai yakaanguliwa, vifaranga wakaning'inia chini ya mapovu kama vipande vya uzi, nyumba nzima ikaitwa kuja kutazama. Asubuhi ya pili alikuta wote wamekufa. Anayeijua Nakuru ya Julai hatashangaa: mji uko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na alfajiri baridi yake hupenya hata blanketi mbili.

"Mjomba," aliniambia huku akijifuta machozi, "baba yao alikuwa anawaokota tu. Hakujua wamekufa."

Kisha akauliza swali lililotufungisha safari. Ikiwa baridi ya Nakuru inaua vifaranga ndani ya nyumba, wale wa ziwani wanaponaje?

Tulianza na Ziwa Nakuru lenyewe. Ukiwa na watoto, ingia mbugani asubuhi na upande hadi pale juu paitwapo Baboon Cliff, ukaone ziwa lote. Utaona pia miti mikavu iliyosimama ndani ya maji kama nguzo za nyumba iliyoungua. Hiyo ilikuwa misitu ya migunga ya nchi kavu. Kuanzia mwaka 2010 hivi maji yalianza kupanda bila kusimama. Ziwa lililokuwa na kilomita za mraba 40 hivi lilipita 60, likameza barabara na lango kuu la zamani la mbuga, na watu wa upande wa Mwariki wakahama nyumba zao. Lishike jambo hili, msomaji, kwa kuwa tutalirudia.

Zamani ziwa hili halikuwa na samaki hata mmoja. Maji yake yalikuwa ya magadi, makali, na hayakuwa na kiumbe mkubwa ila wale ndege waliokula mwani wake wa kijani. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, ili kupambana na mbu, aliletwa samaki mdogo kutoka Ziwa Magadi, kusini karibu na mpaka wa Tanzania. Alitakiwa ale viluwiluwi. Wataalamu walimwita Tilapia grahami, na siku hizi humwita Alcolapia grahami. Ni wa ukoo wa ngege, lakini wengi wao hawazidi kiganja cha mkono.

Huko kwao Magadi samaki huyu huishi katika chemchemi za moto ambazo baadhi yake hupita nyuzi 40 za Selsiasi, katika maji makali kama ya kufulia nguo. Samaki wengi hutoa taka ya miili yao kwa njia ya amonia kupitia matamvua, lakini katika maji kama yale ya Magadi amonia haitoki kwa urahisi, nayo ni sumu. Mwaka 1989 kundi la wanasayansi, akiwamo Mkenya G.M.O. Maloiy, lilieleza katika jarida la Nature kwamba samaki huyu ameepuka kifo hicho kwa kuigeuza taka yake kuwa urea, kama ile iliyomo katika mkojo wa binadamu. Hewa ikipungua majini wakati wa usiku, huja juu na kuimeza kwa kinywa.

Samaki wa namna hiyo hakushindwa na Nakuru. Alistawi na kuongezeka, ingawa ile kazi aliyoitiwa hakuishughulikia sana. Chakula chake kikubwa kikawa mwani uleule wa flamingo. Mbu wangalipo, na atakayelala Nakuru bila chandarua atanipa habari.

Lakini ujio wake ulibadilisha ziwa zima. Palipo na samaki huja walao samaki, na ndivyo walivyokuja pelikani weupe, wale ndege wazito wenye mfuko chini ya mdomo ambao Waswahili wa pwani huwaita mwari. Tulibahatika kuwaona wakivua. Walijipanga nusu duara kama wavuvi wanaokokota jarife, wakawasukuma samaki kuelekea maji mafupi, kisha vichwa vyote vikazama kwa pamoja. Kijana wangu alifurahi mno hadi akakumbuka kwamba yeye ni mtu wa upande wa samaki, akanyamaza.

Hata hivyo, pelikani hawa hulea watoto wao Elmenteita, si Nakuru. Hungoja jua lipande na hewa ya moto inyanyuke, ndipo nao hupanda wakizunguka bila kupiga mbawa, wakavuka vilima na matumbo yao yaliyojaa. Sisi tuliwafuata kwa barabara kuu ya Nairobi, mwendo wa kilomita 30 hivi. Ziwa Elmenteita hulioni mpaka ulikaribie, kisha ghafla linatanda mkono wa kulia, na nyuma yake ule mlima ambao watu humfananisha na mtu aliyelala chali. Penye visiwa vya mawe ndipo makazi ya pelikani, na ni mojawapo ya sehemu kubwa za kuzaliana kwao katika Bonde la Ufa. Kinda wa pelikani hukitia kichwa chake chote ndani ya koo la mzazi na kujichotea samaki. Mwaka 2011 maziwa haya mawili, pamoja na Bogoria, yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Ukiona moshi wa nyama choma pande zote mbili za barabara, ujue umefika Kikopey. Wasafiri wengi husimama hapo, wakala mbuzi, wakanawa mikono na kuendelea na safari. Ni wachache wajuao kwamba upande wa chini, kusini mwa ziwa, kuna chemchemi za maji moto zenye jina hilohilo. Watu huenda kuoga humo, na wapo wasemao maji hayo huponya kila ugonjwa. Madai hayo nawaachia wenyewe. Eneo hilo lina wenyewe, kwa hiyo uliza ruhusa kabla ya kushuka, na uulize pia kama ziwa halijapanda na kuzifunika chemchemi. Sisi tulipofika zilikuwa wazi, na maji maangavu kama ya birika.

Humo ndani ndimo alimo samaki wetu wa Magadi.

Tulilala kifudifudi ukingoni, mjomba na mpwa, kama watoto wawili waliotoroka shule. Mwanzoni hukuonekana kitu. Kisha macho yakazoea, tukaona vishimo vya duara mchangani, kila kimoja kama sahani ya chai. Juu ya kila kishimo palikuwa na dume mmoja aliyejipamba rangi kuliko wenzake, akimkimbilia kila jirani aliyethubutu kukaribia. Hicho ndicho kitanda chake. Hukichimba kwa kinywa, akiteka mchanga na kuutema kando, kisha hungoja jike avutiwe. Jike hutaga mayai machache tu humo shimoni, halafu huyaokota yote akayaweka kinywani mwake. Dume hubaki na shimo lake akimngojea mwingine. Malezi yote ni ya mama, kinyume kabisa na yule samaki wa Thailand.

"Sasa anakula nini, na mdomo umejaa?" kijana aliuliza.

Nilimjibu kwamba hali kitu cha maana. Kwa muda wa kama majuma mawili mama huyu huyageuzageuza mayai kinywani ili maji safi yayapitie, hadi yaanguliwe na watoto wamalize kiini wanachozaliwa nacho tumboni. Tulimwona mmoja aliyejitenga na wenzake karibu na majani, koo limemvimba kama mtu mwenye jino bovu, taya likichezacheza polepole. Kijana wangu alimtazama muda mrefu kuliko alivyowatazama vifaru.

Hapo ndipo jibu la swali lake lilipopatikana, angalau nusu yake. Mapovu ya samaki mpiganaji hukaa mahali pamoja, na baridi ikishuka pale, kitanda na watoto hupoa pamoja. Mama huyu wa Magadi hutembea na kitanda chake. Maji yakiwa mabaya upande mmoja, yeye huenda upande mwingine, penye chemchemi au mdomo wa mto, na kizazi chake kipo kinywani. Ziwa Nakuru limewahi kunywea hadi likabaki vumbi jeupe sehemu kubwa, kama ilivyokuwa katikati ya miaka ya 1990, na bado mvua ziliporudi samaki walionekana tena. Ng'ambo ya kaskazini mashariki zipo chemchemi za Baharini, na mito kama Njoro, Makalia na Nderit huingia humo, kwa hiyo hapakosi pa kujificha.

Ila kupanda kwa maji kumeleta jaribu jingine. Maji ya mvua na mito yamelipunguza ziwa magadi yake. Flamingo waliokuwa wakiligeuza kuwa la waridi walihamia kwa wingi maziwa mengine kama Bogoria, maana mwani wao hupenda maji makali. Na katika maji hayo yaliyolainika ameonekana mgeni, yule ngege mkubwa wa Nile anayefugwa katika mabwawa ya vijijini, ambaye zamani asingestahimili hapo. Naye pia jike wake hulea kinywani. Ujanja wa yule mdogo si wake peke yake tena, na kwa ukubwa hamwezi mwenzake. Alichobakiza cha kumzidi ni ule uwezo wa kuishi katika maji makali, na maji hayo makali ndiyo yanayopotea.

Mgeni huyu amewaleta wavuvi. Jioni tukirudi tuliona vijana wakiuza samaki kando ya barabara, na mnunuzi hakuuliza ametoka wapi. Kuvua ndani ya mbuga ya taifa ni kosa kisheria, na kuna viboko na nyati, lakini kijana asiye na kazi haogopi kiboko kama aogopavyo kodi ya nyumba. Mimi ninachoogopa zaidi ni mlo wenyewe. Ziwa Nakuru halina mto wa kutokea. Kila kinachotiririka kutoka mji huu, uliopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, huingia humo na kubaki humo, na uchunguzi wa wataalamu umewahi kuonyesha madini mazito katika ziwa hilo. Ukiwa na watoto nyumbani, uliza samaki wako ametoka bwawa gani.

Mpwa wangu hakusema mengi njiani. Alikuwa anapiga hesabu. Siku iliyofuata alimwomba mama yake kipande cha kioo cha kufunikia sanduku lake, ili hewa ya juu ya maji isipoe, kwa kuwa vifaranga wa samaki mpiganaji wakifikia majuma machache huanza kuja juu kuvuta hewa, na ikiwa ya baridi huwaua. Sanduku akalihamishia jikoni, ukutani nyuma ya jiko. Akaweka pia chupa ya maji yenye majani ya kabeji juani, yakaoza na kunuka nyumba nzima, mama yake akateta. Ndani ya maji hayo huzaliwa vijidudu visivyoonekana kwa macho, na hicho ndicho chakula cha kwanza cha vifaranga.

Nilipopita kwao Jumapili iliyopita, dume alikuwa amekwisha hamishiwa katika chupa ya asali, maana vifaranga wakishaanza kuogelea wenyewe baba huweza kuwala. Kijana alinikataza kuinua kifuniko cha kioo. Nilichungulia kwa ubavuni, nikahesabu kumi na wanne. Yeye alisema ni kumi na saba, wengine wamejificha.