Ampuli ya Pili

Kwinini ya sindano ilikuja katika ampuli za kioo za mililita 2, na ndani yake mlikuwa na miligramu 600. Dozi yake ni miligramu 10 kwa kila kilo ya mgonjwa, kila baada ya saa 8. Kwa hiyo ampuli moja nzima inamtosha mtu mzima wa kilo 60. Hilo nilifundishwa mwaka 1982, nikiwa mwaka wa kwanza wa unesi katika hospitali moja ya wilaya mkoani Tanga, na mpaka sasa, nimeshastaafu, sijawahi kufundishwa jambo lililonifaa zaidi wodini.

Aliyenifundisha alikuwa mwalimu wetu wa dawa, ambaye sote tulimwita Sista. Alikuwa na utaratibu uliotuudhi mwanzoni. Kabla hujashika chaki, sharti ukisie jibu. “Mtoto wa kilo 9, kwinini. Ampuli nzima, nusu, au chini ya nusu?” Ukimwambia ngoja kwanza upige hesabu, anakukatiza: “Sijakuuliza hesabu, mwanangu. Nimekuuliza habari za mtoto.” Ukishasema chini ya nusu, tena mbali sana chini ya nusu, ndipo anakuruhusu kwenda ubaoni: dozi unayotaka, gawanya kwa dawa uliyonayo, zidisha kwa ujazo wake. Tisini kwa mia sita, mara mbili. Jibu ni mililita 0.3.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, na karibu wote tuliiweza. Sista alijua hivyo. Alichoogopa ni kwamba kanuni haina aibu. Ukiipa namba isiyo sahihi itakupa jibu la kuua, na jibu hilo litakaa kwenye karatasi nadhifu kama jibu la kuponya. Aliyekwisha kukisia ana kitu cha kulipimia. Asiyekisia analiamini kwa sababu amelipata mwenyewe.

Penisilini ilitufundisha kuheshimu unga. Kichupa chake cha mega 5, yaani yuniti milioni tano, ukikitia mililita 10 za maji, hupati mililita 10 za dawa, kwa maana unga nao unachukua nafasi yake. Unatia 8, unatikisa, unapata 10, na kila mililita inabeba yuniti laki tano.

Insulini ndiyo iliyotutoa jasho kuliko dawa zote. Wakati huo kulikuwa na chupa za nguvu mbili, za yuniti 40 kwa mililita na za yuniti 80 kwa mililita, lakini bomba letu la kioo lilikuwa na mistari 20 tu kwa kila mililita. Maana yake, ukivuta kutoka chupa ya 40, kila mstari ni yuniti 2. Ukivuta kutoka chupa ya 80, mstari uleule ni yuniti 4. Mgonjwa aliyeandikiwa yuniti 24 alivutiwa mistari 12 kutoka chupa hii na mistari 6 kutoka ile. Ukichanganya chupa unampa mara mbili au nusu, na sukari ikishuka usiku mtu amelala, hana namna ya kukuita. Wagonjwa wenyewe wakizoea walihesabu kwa mistari. “Sista, mimi huwa mistari sita,” mzee mmoja alikuwa akituambia kila asubuhi kabla hatujafungua mdomo. Sista akatukataza kabisa kutamka mistari. Mwanafunzi alitakiwa kusema yuniti, kisha aisome chupa kwa sauti mbele ya mwenzake, kisha ndipo avute. Bomba la yuniti 100 lilipotufikia, ambalo kila mstari wake unasomeka kwa yuniti moja kwa moja, nilishukuru kwa ajili ya yule mzee na wenzake.

Halafu uzito. Dozi ya mtoto imejengwa juu ya kilo zake, na mizani ya kuning'iniza ikiharibika, jengo lote linatikisika. Ipo kanuni ya kukadiria kwa umri: miaka, ongeza nne, zidisha kwa mbili. Mtoto wa miaka 2 inampa kilo 12. Lakini tulipokea watoto wa miaka 2 waliodhoofu kwa utapiamlo, wenye kilo 8. Kumpa huyo dozi ya kilo 12 ni kumzidishia kwa nusu nzima, tena ndiye mwenye mwili mdogo wa kuhimili. Sista hakuikubali kanuni hiyo maadamu mama wa mtoto yupo. Mpandishe mama kwenye mizani ya watu wazima amembeba mwanawe, soma, mpokee mtoto, soma tena, toa. Mizani ile haikuwa na mistari ya gramu, lakini ilimpima mtoto aliyelala mbele yetu badala ya mtoto wa vitabuni.

Usiku ninaoukumbuka ulikuwa wa mvua za masika. Umeme ulikatika saa mbili, na wodi ya watoto ilikuwa imejaa malaria, wawili kitanda kimoja. Nesi wa zamu alikuwa mmoja, pamoja na dada mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na mimi wa kushika kandili. Akaletwa mtoto wa kike mwenye degedege. Nesi alimpima, akapata kilo 9, akapiga hesabu palepale mezani, akaandika jibu kwenye kipande cha karatasi na kukimbilia kitanda cha pili ambako dripu ilikuwa imetoka. Aliandika nukta na tatu, bila sifuri mbele. Karatasi za miaka ile ya uhaba zilikuwa za kijivu zenye chembechembe, na kwa mwanga wa kandili nukta ile haikuonekana.

Dada alivunja ampuli, akavuta mililita 2 zote. Mkono wake ukaenda kwenye kisanduku kuchukua ya pili, ukaishia hapo. Namwona mpaka leo, vidole viwili shingoni mwa ile ampuli, hajaivunja.

“Huyu ana kilo ngapi?” akaniuliza.

“Tisa, dada.”

“Ampuli ya pili ya nini, basi?”

Akairudisha kisandukuni na kumwita nesi. Nesi alikuja, akaiangalia karatasi, akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Sifuri nukta tatu.” Wakachukua bomba la mililita 1, wakapima 0.3, wakaitia kwenye dekstrosi mililita 90 ya kwenda saa 4. Kwa mpira wa matone 20 kwa mililita hayo ni matone 7 hadi 8 kwa dakika, nami niliyahesabu kwa saa ya kifuani ya nesi hadi macho yakaniuma. Mililita 3 zingekuwa miligramu 900, mara kumi ya dozi. Kwinini kwa kiasi hicho inashusha presha na kuvuruga mapigo ya moyo. Mtoto yule asingefika asubuhi. Alfajiri aliomba maji.

Sista aliposikia hakumkaripia mtu. Aliagiza sifuri iandikwe mbele ya nukta kila mara, na kiasi kiandikwe pia kwa maneno. Tena akamwita yule dada mbele ya darasa na kumwambia asimulie, hatua kwa hatua, mkono wake ulivyosimama.

Kwinini sasa imeipisha atesunate kwa malaria kali, na watoto wengi zaidi wanapona. Kichupa chake cha kawaida kina miligramu 60. Mtu mzima wa kilo 60, kwa miligramu 2.4 kwa kilo, anahitaji 144, yaani vichupa vitatu. Kwa hiyo kufungua kichupa cha pili hakumshtui tena mtu, na ile alama iliyotuokoa haipo. Wanafunzi niliowafundisha mwishoni mwa utumishi wangu niliwapa nyingine: kichupa kimoja ni cha kilo 25, na aliye chini ya kilo 20, ijapokuwa anapewa miligramu 3 kwa kilo, hakimalizi. Walikuwa na simu za kupigia hesabu, nami sikuwazuia, mradi wakisie kwanza kwa sauti, mwenzao akisikia.

Mwenzao huyo ndiye anayenikosesha amani. Bado ziko wodi ambazo nesi wa usiku ni mmoja na watoto arobaini, na sahihi ya pili kwenye chati inawekwa asubuhi na mtu aliyekuwa amelala kwake. Wanaopanga zamu nawaomba: wodi ya watoto usiku ipewe watu wawili wanaojua kusoma dozi. Mmoja akimsaidia mwenzake kubadili shuka, sawa. Lakini wawepo wawili.