Gurumo na Bitchuka, Tuliowasikia Kabla ya Kuwaona

Wengi wa rika langu huku kusini tulizijua sauti za waimbaji Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka kabla ya kuzijua sura zao. Televisheni Tanzania Bara haikuwepo. Magazeti yalifika Mtwara mjini yamechelewa, na kwetu Msimbati, kule pwani inakokaribia mdomo wa Ruvuma, mara nyingi tuliyapata yakiwa yamefungiwa sabuni au dagaa. Kilichofika siku ileile kilipotoka Dar es Salaam kilikuwa kimoja tu, Radio Tanzania.

Redio ya kwetu ilikuwa ya mjomba wangu, National ya betri iliyovalishwa gamba la ngozi lenye matundu. Kwa Wamakonde mjomba ndiye mwenye kauli, na mjomba wangu alikuwa na kauli hata juu ya lini redio ifunguliwe. Miaka ile baada ya vita vya Kagera, betri zilikuwa za foleni kama ilivyokuwa sabuni na sukari. Zikichoka, alizitoa akazianika juani juu ya bati, na jioni zilimpa tena saa moja au mbili za muziki. Mchana hakuzichezea. Alingoja usiku, mawimbi yanapotulia, ingawa mara nyingine stesheni ya Msumbiji ilipita juu ya yetu kwa Kireno tukakosa ubeti mzima. Hapo wazee walinuna kweli.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Wimbo wa bendi yao ya Mlimani Park ulipoanza alininyooshea kidole ninyamaze. "Huyu anayefungua, mpwa wangu, ndiye Gurumo. Ngoja sasa. Atakayepanda juu yake ndiye Bitchuka." Na kweli alipanda. Gurumo alikuwa na sauti ya mtu mzima, nzito kidogo, inayosema jambo kama mzee aliyeitwa kusuluhisha ugomvi wa nyumba. Bitchuka alikuwa juu, mwembamba wa sauti, laini, asiyelazimisha. Si bure wapenzi wake walimpa jina la Stereo. Wakiimba pamoja, hukuweza kusema nani anamfuata nani. Nimesikiliza waimbaji wengi tangu hapo, wa hapa na wa nje, na bado naamini Tanzania haijapata sauti mbili zilizokaa pamoja vile.

Gurumo alizaliwa mwaka 1940 kijiji cha Masaki, Kisarawe. Alipita Kilimanjaro Chacha, Rufiji Jazz na Kilwa Jazz, na mwaka 1964 akawa miongoni mwa walioanza na NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Bitchuka, mtu wa Kigoma, alimkuta hapo miaka ya 70 mwanzoni. Mmoja wa pwani, mwingine wa Ziwa Tanganyika, wakakutanishwa na ajira. Nasema ajira kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mwanamuziki wa NUTA alikuwa mfanyakazi mwenye mshahara. Magitaa, ngoma, tarumbeta na vipaza sauti vilikuwa mali ya chama. Ukiondoka, unaondoka na koo lako tu.

Mwaka 1978, wakati NUTA imekwisha kuwa JUWATA, wawili hao waliondoka wakaingia katika bendi mpya iliyopigia kwenye baa ya Mlimani Park, pamoja na mpiga gitaa Abel Balthazar. Alikuwepo Cosmas Tobias Chidumule, mwimbaji mwingine wa kutisha, na alikuwepo Michael Enoch, aliyepanga vyombo mpaka kila kimoja kikajua zamu yake. Bendi ikachukua mtindo wa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, nayo JUWATA ikawa Msondo. Nchi ikagawanyika kati ya Msondo na Sikinde kama ilivyogawanyika kati ya Simba na Yanga. Msimbati nasi tuligawanyika. Mjomba alikuwa Sikinde bila kujadili, na kulikuwa na mzee wa jirani, mchemsha chumvi, aliyekuwa Msondo hata akaacha kuja kusikiliza redio kwetu msimu mzima.

Nilipata kuwaona miaka ya 80 mwanzoni. Nilipanda meli ya TACOSHILI bandarini Mtwara kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, kwa sababu barabara wakati wa masika haikuwa barabara. Gari liliweza kungoja kivuko cha Rufiji pale Ndundu hadi abiria wakala akiba yao yote ya njiani. Binamu yangu aliyekuwa kuli Kariakoo alinipeleka ukumbi wa DDC Kariakoo, ambako Sikinde walikuwa nyumbani.

Sikucheza. Nilisimama karibu na jukwaa, kwa kuwa nilitaka kuona zile sauti zinatoka wapi. Wimbo ulianza polepole, gitaa la rizimu likitembea na besi chini yake, kisha waimbaji wakasogea mbele. Walisimama bega kwa bega. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya kusimulia, na ukumbi mzima ulitulia kusikiliza maneno, maana nyimbo zile zilikuwa kesi: ndoa iliyoingiliwa, mtoto asiyesikia, mtu aliyesahau kwao alipopata fedha. Watu walitikisa vichwa kama waliomo barazani. Ubeti ulipokwisha, saksafoni na tarumbeta zilijibu. Halafu gitaa la solo likabadilisha mwendo, ngoma zikachemka, na wale waliokuwa wanatafakari habari ya talaka wakaingia uwanjani kwa furaha. Mama mmoja wa makamo, amejifunga khanga juu ya gauni, alipanda jukwaani akamtunza Bitchuka noti moja kwenye paji la uso, akageuka akamtunza Gurumo nyingine, ili asionekane amependelea. Hakupendelea. Nilimwelewa kabisa.

Nilipomwandikia mjomba barua nilimweleza wanavyosimama. Alijibu akitaka kujua jambo moja tu, kama ni kweli Bitchuka ni mwembamba kama sauti yake.

Mengine niliyajua baadaye, nilipoishi na watu wa muziki mtaani. Nyimbo tulizozipenda mpaka Ruvuma zilikuwa zimerekodiwa studio ya Radio Tanzania, kwenye kanda za redio yenyewe. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Za kwetu zilichapwa Nairobi, na mpaka na Kenya ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa mwaka 1983. Basi wimbo ulipigwa redioni kila wiki, nchi nzima ikauimba, na aliyeutunga akaendelea kungoja mshahara wa mwisho wa mwezi na sehemu ya viingilio. Sheria ya hakimiliki iliyozaa chombo cha kuisimamia, COSOTA, ilikuja mwaka 1999, wakati wengi wa wanamuziki wale wamekwisha kuzeeka au kufa.

Ndiyo maana sikuwalaumu walipohama. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliivunja bendi yake ya Orchestra Safari Sound aliyokuwa nayo Ndala Kasheba, akaiunda upya, akachukua wanamuziki wa Mlimani Park. Gurumo na Balthazar walikuwa miongoni mwao. Mtindo ukaitwa Ndekule. Mitaani watu walisema wamenunuliwa, wakalitamka neno hilo kwa uchungu kana kwamba wangependa mtu aimbe kwa ajili yao hadi kufa bila kujenga nyumba. Mtu asiye na gitaa lake atafanya nini akiitwa na mwenye magitaa? Bitchuka naye, kwa nyakati zake, alihama na kurudi. Kuanzia hapo walikuwa mara pamoja, mara katika bendi zinazoshindana, na mwishowe Gurumo akarudi Msondo alikoanzia, naye Bitchuka akatulia Sikinde.

Nilichoumia nacho ni kidogo tena cha masikio. Sikinde haikuharibika, ilipata waimbaji wengine wazuri na nyimbo nyingine kubwa. Gurumo hakuharibika. Lakini ile sauti ya tatu, ambayo haikuwa ya Gurumo wala ya Bitchuka, iliyotokea pale mmoja aliposhuka kidogo kumpisha mwenzake, sikuisikia tena vile nilivyoisikia kabla ya mwaka 1985. Mjomba aliisikia tofauti hiyo kule Msimbati bila kuambiwa na mtu. Alikufa kabla ya daraja la Mkapa la mto Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, na hakuwahi kuiona Dar es Salaam.

Nilirudi Mtwara nikiwa mtu mzima. Mwaka 2013 tukasikia Gurumo ametangaza kustaafu baada ya zaidi ya miaka 50 jukwaani, akiwa amechoka na kuugua, hana hata gari la kumpeleka hospitali. Diamond Platnumz, kijana wa muziki mwingine kabisa, akampa gari. Nilifurahi kwa kitendo cha yule kijana, na nikaona aibu kwa niaba yetu sote tulioimba nyimbo za mzee yule harusini bila kulipa hata senti. Gurumo alifariki hospitali ya Muhimbili tarehe 13 Aprili 2014, akazikwa kwao Masaki.

Siku hizi Mtwara ina redio zake. Usiku wa Jumapili nawasikia vijana wetu wakipiga nyimbo hizo, wakizitangaza kuwa ni "zilipendwa" kisha wakaendelea na matangazo ya simu. Nina ombi kwao na kwa TBC, iliyorithi kanda za Radio Tanzania. Mkipiga wimbo wa Mlimani Park wa miaka ile, tajeni waimbaji kwa majina, semeni nani anafungua na nani anapanda, na andikeni kwenye daftari kwamba mmeupiga, ili watunzi walio hai na watoto wa waliokufa walipwe haki yao kupitia chombo kinachohusika. Na zile kanda zihifadhiwe kabla joto na vumbi la Dar es Salaam havijazimaliza, kwa sababu nyingi hazikuwahi kuwa na nakala nyingine.