Miguu Myekundu

Mafundi wenzangu walirudi nyumbani na vumbi la saruji kwenye nywele. Mimi nilirudi na miguu myekundu. Mama aliniwekea ndoo na dodoki mlango wa uani, nisikanyage mkeka kabla ya kusugua nyayo, na bado shuka langu lilishika wekundu upande wa miguuni. Ndivyo majirani wa Ngamiani, Tanga, walivyojua kwamba nimepata kazi. Ilikuwa mwaka 1981, nina miaka 19, saidia fundi wa sakafu za rangi.

Mtaani kwetu uwezo wa mtu ulisomwa barazani. Mwenye nacho baraza lake lilikuwa jekundu na linateleza. Wa kati lake la kijivu. Asiye nacho alikaa juu ya udongo uliosiribwa. Vigae wakati huo tuliviona hospitalini na kwenye maliwato ya mahoteli, na hakuna aliyetamani sebule yake ifanane na hospitali.

Fundi wangu, Mungu amrehemu, hakuwa na mizani. Alipima oksaidi, ule unga wa rangi, kwa kopo la maziwa, akilipangusa juu kwa kidole kama muuza mchele. Miaka mingi baadaye niliyapima makopo yake, nikakuta yanaangukia kilo mbili na nusu kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Ni asilimia 5, kiasi kile kile wanachoelekeza watengeneza rangi. Ukipita asilimia 10 rangi haikolei tena, unga unabaki vumbi tu ndani ya saruji na kuidhoofisha.

Kila kitu kilichanganywa kikavu kwanza. Tuligeuza kwa beleshi mpaka mabaka yaishe, na ole wako uguse maji kabla fundi hajasema. Maji nayo aliyapima kwa ndoo moja ile ile, kwa sababu mchanganyiko wenye maji mengi hukauka na wekundu uliopauka, na tofauti ya nusu ndoo inaonekana sakafuni miaka yote nyumba ikisimama. Kisha tunasubiri. Niru, ule ulaini wa mwisho wa mwiko, haipigwi sakafu ikiwa mbichi, wala ikishakufa. Unabonyeza kidole: kikiacha alama na kutoka kikavu, unashuka kwa magoti juu ya vipande viwili vya mbao, mwiko mkononi, unarudi nyuma kuelekea mlangoni. Tulianza baada ya swala ya alfajiri, maana upepo wa kaskazi ukishaingia dirishani unakunyang'anya sakafu. Mwisho tunavuta kamba na kupiga mistari ya visanduku. Wenye nyumba walidhani ni urembo. Ni njia tuliyoiandalia nyufa, zipite hapo zisijichagulie pengine.

Nikiwa nimeanza kujitegemea, mteja mmoja alitaka kibaraza cha bluu. Oksaidi ya bluu hatukuwa nayo, nikatumia bluu ya kufulia, ile tuliyokuwa tukitia kwenye chokaa ya ukutani. Ilipendeza! Alinilipa na kuniongezea ya soda. Kabla ya mwaka kuisha kibaraza kilikuwa kama shati lililosahaulika kambani. Saruji ni kali, ndani yake mna chokaa, na rangi nyingi hazistahimili ukali ule. Oksaidi nyekundu inastahimili kwa sababu ni kutu ya chuma tu. Ilishaliwa, haina cha kuliwa tena. Hela yake niliirudisha kwa mafungu matatu.

Hiyo naisimulia nikicheka. Ya mwaka 1984 sijaizoea.

Saruji ilikuwa ya kibali, ingawa kiwanda kiko Pongwe hapo jirani, na oksaidi ya kutoka nje ilikuwa imeadimika kabisa. Mama mmoja muuza vitumbua alikuwa amedunduliza fedha za sebule nyekundu. Fundi alipokea malipo yote, kisha akanipa gunia: nenda njia ya Muheza, lete udongo mwekundu. Niliuchekecha kwa kanga kuukuu mpaka ukawa laini kama poda. Tukauchanganya na makopo mawili ya oksaidi yaliyobaki. Udongo wa mfinyanzi ndani ya saruji unakunywa maji na kuacha sakafu dhaifu. Hilo nililijua tayari. Siku tuliyomaliza mama yule alituletea vitumbua vya moto na chai, akasimama mlangoni akiangalia, hataki kukanyaga. Nilikula. Tangu hapo sikupita tena barabara yake kama ipo nyingine ya kupita.

Mwaka 2019 kijana alinipigia simu: anataka kuweka vigae nyumba ya bibi yake, ambaye alikuwa ameshafariki. Aliponielekeza nilitaka kusema naumwa. Nikaenda.

Pembeni mwa kuta sakafu ilikuwa bado nyekundu, inang'aa kuliko nilivyotegemea. Katikati palikuwa na njia ya kijivu, kutoka mlangoni mpaka uani.

"Bibi alikuwa haachi," kijana akaniambia. "Kila Ijumaa anapiga polishi ya kopo, mwenyewe, kwa magoti. Alikuwa anasema sakafu hii inakunywa sana."

Polishi ya kila Ijumaa, miaka thelathini na zaidi. Nilijaribu kuhesabu makopo nikashindwa.

Kabla ya kigae lazima uparuze sakafu kwa tindo ili gundi ipate pa kushika. Niru ya haki inakataa tindo. Inaruka vipande vikali, unafumba macho. Hii ilibonyea kama jibini. Kijana alifurahi.

"Afadhali ni laini, Mzee. Si tunamaliza leo?"

"Tunamaliza," nikamwambia. "Niletee maji, vumbi litatuua."

Jioni nilivua viatu nikaenda bombani uani. Miguu ilikuwa myekundu mpaka kwenye vifundo, kama enzi zile. Nikatafuta kitu cha kusugulia. Sikukihitaji: maji yalipogusa tu, wekundu wote ukatiririka kwenye mfereji, nyayo zikabaki safi.