"Hajamaliza" na "Hakumaliza": Tafakuri Juu ya Alama ya I

Nimehudhuria vikao vya Bodi ya Watahini kwa zaidi ya miaka 20, na alama ambayo nimeona ikijadiliwa kwa uchache kuliko zote ni I. F huzua mjadala: mtahini wa nje huulizwa maoni yake, na kitabu cha majibu hupitiwa upya. I husomwa, mwenyekiti husema "haijakamilika", na jina linalofuata huitwa. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba alama hii yastahili kuangaliwa zaidi, na kwamba sarufi ya Kiswahili yaweza kutusaidia kuiona kasoro yake.

Kila mzungumzaji wa Kiswahili hutofautisha "hakumaliza" na "hajamaliza". Kauli ya kwanza hulikana tendo katika wakati uliopita na kulifunga. Ya pili, kwa mofimu -ja-, hulikana tendo hadi wakati wa kusema, lakini huacha matarajio kwamba laweza kutendeka. Ndiyo maana twasema "bado hajamaliza", ilhali "bado hakumaliza" hukwaza sikio. Kwa mtazamo huu, F ni alama ya -ku-, na I ni alama ya -ja-. Kwa kawaida I hutolewa kwa mwanafunzi aliyefanya sehemu kubwa ya kozi, lakini akazuiwa na ugonjwa, msiba au sababu nyingine inayokubalika asiweze kuwasilisha insha ya muhula au kufanya mtihani.

Katika vyuo vingi vya Marekani, I isiyoshughulikiwa ndani ya muda uliowekwa hugeuka kuwa F. Hapo ni kalenda inayoibadili -ja- kuwa -ku-. Sipingi kuwekwa kwa ukomo, kwani ngoja ngoja huumiza matumbo, na mwanafunzi mwenye I hawezi kuhitimu. Hata hivyo, wahenga hao hao walituusia pia: kawia ufike. Kanuni nzuri ni ile inayozingatia methali zote mbili.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, limo katika kiima. Tusemapo "haijakamilika", kiima ni alama, si mtu. Ni nani basi ambaye hajakamilisha? Yawezekana ni mwanafunzi. Yawezekana pia ni mhadhiri ambaye hajasahihisha, au ofisi ambayo haijaingiza alama katika kumbukumbu. Nchini Kenya, wanafunzi wa vyuo vikuu wamelalamikia alama zinazokosekana kwa miaka mingi. Pengo la mwanafunzi na pengo la chuo ni mambo mawili tofauti, lakini katika hati ya matokeo yaweza kuonekana kama jambo moja.

Katika chuo kimoja nilichowahi kufundisha, mwanafunzi wangu wa uzamili alifiwa na baba yake katika juma la mitihani. Alipewa I katika kozi ya fonolojia, akafanya mtihani maalumu muhula uliofuata, na akafaulu. Nilisahihisha mtihani huo na kuwasilisha alama mapema. Hazikuingizwa. Muda ulipokwisha, alipokea barua iliyosema kwamba "hakukamilisha" masharti ya kozi. Sentensi hiyo ilikuwa sahihi kisarufi, lakini haikuwa kweli. Ilichukua karibu mwaka mzima kuirekebisha. Mama yake alikuwa amekwisha shona nguo ya mahafali, na nafasi ya kazi aliyokuwa akiingojea ilikwisha pewa mtu mwingine.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila I iambatane na sentensi kamili yenye kiima bayana: ni nani hajafanya nini, kwa sababu gani, na hadi tarehe gani, nayo itiwe saini na mwanafunzi, mhadhiri na mkuu wa idara. Pili, I isigeuke F kwa kupita kwa siku tu. Bodi ithibitishe kwanza kwamba mwanafunzi alijulishwa kwa maandishi, na kwamba kasoro haitokani na chuo chenyewe. Gharama ya utaratibu huu ni karatasi moja na dakika chache za kikao.

Wenzangu katika idara nyingine bila shaka wana uzoefu tofauti na huu. Ningependa kuona wakiuchangia mjadala huu, hususan wale wanaoshiriki katika kuandika kanuni za mitihani.